Desemba, isale na kata ya mbege (sehemu ya 3)

Mama zangu na wadogo zangu, Desemba ndiyo hiyo, Wachaga tunarudi nyumbani kuhesabiwa. Rombo, Marangu, Kibosho, Machame, kote kutajaa magari, mbuzi watachinjwa, ukoo utakaa pamoja. Sherehe naipenda. Ninachokipinga ni kauli moja tu: "Mbege ni utamaduni, haimdhuru mtoto tumboni."

Haimdhuru kivipi? Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa zichache, zinachanganywa na uji wa kimea cha ulezi na maji ya msesewe. Ikishachacha ni pombe. Kilevi chake ni kilekile cha bia ya chupa, kinapita kwenye kondo la nyuma, kinamfikia mtoto ambaye ini lake bado changa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito. Kwa hiyo hata hiyo "kata moja tu ya heshima" hapana.

Halafu eti inaongeza maziwa! Hii nimeisikia wodini mpaka nimechoka. Kilevi kinazuia maziwa kushuka vizuri, na kingine kinaingia humohumo kwenye maziwa. Maziwa yanaongezwa na mtoto kunyonya mara kwa mara, na mama kula na kunywa vya kutosha. Mtori upo, jamani.

Najua mtaniambia bibi zetu walipewa. Ndiyo, walipewa. Lakini mzazi yuleyule alikaa ndani miezi mitatu, hashiki jembe, analishwa nyama, mtori na maziwa. Hiyo miezi mitatu mbona hamuidai? Siku hizi mzazi ana wiki mbili tu anakoroga sufuria ya wageni thelathini, halafu utamaduni unakumbukwa kwenye pombe tu.

Na anayelazimishwa ni nani? Binti aliyeolewa juzi, amezungukwa na ukoo mzima, anaogopa kuambiwa anaringa. Sisi ni watu wa isale, jani la amani. Mtu akikuletea isale kuomba msamaha, ni vigumu kumkatalia. Sasa mkamwana anasema "samahani mama, nina mimba", na bado kata inasukumwa mdomoni?

Akina baba, hili ni lenu. Ukiona kata inaelekea kwa mkeo, inuka uipokee wewe, na useme kwa sauti: "Huyu mwaka huu anakunywa mtori."

Sehemu ya 4 kesho: kichanga na safari ya basi kutoka Dar.