Mtoto Mgeni Apewe Uwanja

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii twaitumia sana tunapowapokea watu wazima: mkeka hutandikwa, maji huletwa, na jiko huwashwa. Lakini ni mara chache tunapojiuliza juu ya mgeni mdogo, yule aliyekuja sherehe ameshika upindo wa kanga ya mama yake. Je, yeye hupokewa kwa nini? Katika mitaa na vijiji tulimokulia jibu lilikuwa jepesi. Mtu mzima alipewa mkeka. Mtoto alipewa uwanja. Kabla mama yake hajamaliza kuitikia salamu, yeye alikwisha kushikwa mkono, akaulizwa jina lake, akatiwa katika duara. Jua lilipokuchwa alikuwa na marafiki, magoti yenye vumbi, na sababu ya kulia alipoambiwa kwamba wakati wa kurudi kwao umefika.

Leo desturi hii inakufa, na ubaya wa kifo chake ni kwamba twakifanyia karamu. Tazama harusi, ubatizo, sikukuu ya Idi au sherehe ya kuzaliwa kwa mtoto katika miji yetu. Turubai limefungwa, viti vya kukodi vimepangwa safu kwa safu, vipaza sauti vyatoa ngurumo inayotetemesha mabati ya jirani, na mshereheshaji aliyelipwa anaamuru watu lini wacheke na lini wapige makofi. Watoto wamevalishwa nguo walizokatazwa kuzichafua, wameketishwa katika viti ambavyo miguu yao haifiki chini, wamepewa soda na simu, na wameambiwa watulie. Wanatulia. Nasi twawasifu kwamba wana adabu. Mimi nasema kwamba hiyo si adabu, bali ni kifungo cha saa tano.

Hoja yangu ni moja, nami nitaisema waziwazi ili anayetaka kuipinga aipinge. Mchezo wa watoto si pambo la sherehe, wala si tumbuizo la wakubwa. Ni njia ambayo kwayo mtoto mgeni hufanywa mwenyeji. Taifa linaloupoteza mchezo huo halipotezi kicheko tu. Hupoteza shule ya kwanza ya ujirani.

Asiyesadiki na aitazame kombolela. Mtafutaji hufumba macho, wenziwe hujificha. Kila anayeonekana hutajwa kwa jina lake, kisha huenda kukaa kituoni kama mateka. Lakini mchezo haujamwishia. Akitokea mmoja ambaye bado hajaonekana, akaponyoka mbio na kukifikia kituo kabla ya mtafutaji, huwakomboa wenziwe wote, na mchezo huanza upya. Zingatia mafunzo yaliyomo humo. Aliyekamatwa hakati tamaa, na aliye huru hawasahau waliokamatwa. Tena, mtafutaji hawezi kukutaja bila ya kulijua jina lako. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo wenyeji walijifunza juu ya mgeni lilikuwa jina lake. Sisi tulikuwa tukibadilishana mashati ili kumpoteza mtafutaji, na mara nyingi shati la mtoto wa mjini lilikwenda mbio likiwa limevaliwa na mtoto wa shamba, wala hakuna aliyeuliza la nani ni la bei kubwa.

Utazame na mdako. Hauhitaji ila kishimo kidogo, kokoto chache na mkono mwepesi. Kete moja hurushwa juu, na kabla haijaanguka mkono ule ule hutoa kokoto shimoni. Ikirushwa tena, kokoto hurudishwa na kubakizwa zile zinazotakiwa. Kujumlisha na kutoa kumo humo, pamoja na subira ya kungoja zamu. Au utazame ule mchezo wa nyama nyama: mmoja hutaja jina la mnyama, akitaja anayeliwa, wenziwe huruka na kuitikia, akitaja asiyeliwa, hutulia. Mwenye pupa huruka asiporuhusiwa kuruka, na watu wote humcheka, naye hujicheka. Sijaona somo lililo bora kuliko hilo la kusikiliza kabla ya kujibu, na wakubwa wengi wangefaa kulirudia.

Sasa linganisha na mchezo wa kugombea viti, ambao siku hizi haukosekani katika sherehe za watoto. Watoto 10 huzunguka viti 9 muziki ukilia. Muziki ukinyamaza, kila mmoja hujitupa kitini, na aliyekosa hutolewa. Kiti kimoja huondolewa, na mtoto mwingine hutolewa, hata mwisho abaki 1 ameketi na 9 wamesimama kando. Ni nani hutolewa kwanza? Aghalabu ni yule mdogo, mzito, mwenye haya, yaani mgeni. Mwenye haja kubwa ya kucheza ndiye anayecheza muda mfupi kuliko wote. Sijui kama kuna njia fupi kuliko hiyo ya kumfundisha mtoto kwamba nafasi ya mwenzake ikiondoka, yake imeongezeka.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila mchezo wetu ni mtakatifu na kila mchezo wa kigeni ni dhambi. Rede ni yetu, nayo humtoa aliyepigwa na mpira. Kukimbia ndani ya magunia, na kukimbia na ndimu juu ya kijiko, ni michezo tuliyoikuta shuleni, na tumekwisha kuifanya yetu. Babu akijitia guniani mbele ya wajukuu zake, nyumba nzima hucheka kwa lugha moja. Kipimo changu si mahali ulipozaliwa mchezo. Kipimo changu ni maswali matatu. Je, kila aliyekuja anacheza? Je, mnyonge akishindwa, ana njia ya kurudi? Je, mtoto wa mkulima aweza kuucheza bila ya mzazi wake kukopa fedha? Mchezo ukijibu ndiyo mara tatu, na uingie uwanjani, hata kama umetoka nchi ya mbali.

Nami ninayesema haya sina mikono safi. Miaka mingi nimekuwa mtumishi wa serikali, na mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kuandaa sherehe. Mwaka mmoja tuliadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, ambayo tangu 1991 huadhimishwa kila Juni 16 kwa kuwakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976. Niliagiza watoto wa shule moja waoneshe michezo ya asili mbele ya mgeni rasmi. Wakafanya mazoezi wiki mbili. Siku ilipowadia walifika uwanjani saa 2 asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa 6 mchana. Watoto wakacheza ukuti kwa dakika nne, kama ratiba ilivyosema. Duara lao lilikuwa limekatwa likawa nusu duara, ili walioketi jukwaani waone vizuri. Tukapiga makofi. Zikafuata hotuba, na mojawapo niliiandika mimi, yenye aya nzuri juu ya haki ya mtoto kucheza. Sherehe ilipokwisha, binti mmoja alinijia, akaniamkia shikamoo, kisha akaniuliza: “Mzee, sasa tunaweza kucheza?” Basi lilikuwa likiwangoja. Nikamjibu, hapana.

Tangu siku ile nusu duara haijanitoka moyoni. Duara likikatwa ili mkubwa aone, si mchezo tena. Ni kazi waliyopewa watoto, isiyo na ujira. Ngoma huweza kuwa na watazamaji na bado ikabaki ngoma. Mchezo wa mtoto una wachezaji tu.

Hapa ndipo tulipokosea katika kuujenga utamaduni wetu. Desemba 10, 1962, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge katika kuzaliwa kwa Jamhuri ya Tanganyika. Alitangaza kuanzishwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na alisikitika kwamba wengi waliofunzwa walijua rumba na chachacha, lakini hawakujua gombe sugu wala lele mama. Maneno yale yalizaa matunda. Ngoma zilipata vikundi na majukwaa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo. Lakini mchezo wa mtoto haukupata mtetezi wa namna hiyo, kwa kuwa wenye nao hawana kura, hawana fedha, na kila baada ya miaka michache hukua wakausahau. Tulipoukumbuka, tuliuvuta jukwaani kana kwamba nao ni ngoma, tukaukata katikati.

Najua nitakayojibiwa. Wako watakaosema kwamba watoto wana mitihani. Nao nawauliza: je, saa tano za kukaa chini ya turubai zilikuwa za masomo? Wako watakaosema kwamba nguo zitachafuka. Nguo hufuliwa, utoto haufuliwi wala haurudi. Wako watakaosema kwamba mjini hakuna uwanja. Hoja hii ina uzito, maana viwanja vingi vimemezwa na nyumba, na nyua zimesakafiwa. Lakini nimeona palipotandazwa viti 200 vya wakubwa, na mahali pa viti 20 pangetosha watoto kucheza kombolela hadi usiku. Uwanja haukukosekana, uligawanywa, na mtoto hakuwapo siku ya mgawanyo. Na wako watakaosema kwamba mdako na rede ni michezo ya wasichana. Kokoto hazina jinsia. Mvulana anayeona haya kukaa chini na kushindwa na dada yake ndiye hasa anayehitaji kushindwa.

Wengine watasema kwamba tunayo mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Ni mazuri, nami nayashangilia. Lakini mashindano huchukua waliochaguliwa; mchezo wa uani huwachukua waliopo. Taifa linahitaji vyote viwili, na hicho cha pili hakihitaji hata kombe.

Wala tusidhani kwamba hili ni jambo la hisani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeutaja mchezo na mapumziko pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, miongoni mwa mambo ambayo mzazi ana wajibu nayo kwa mtoto wake. Anayemnyima mtoto chakula katika sherehe atalaumiwa na mtaa mzima. Anayemnyima mchezo husifiwa kwamba ameandaa sherehe ya heshima.

Kwa hiyo nawageukia walimu. Ninyi hualikwa katika kila sherehe ya mtaa, na maneno yenu husikilizwa. Mnapoombwa mlete watoto kuonesha mchezo, semeni kwamba watakuja kucheza, si kuonesha, na kwamba anayetaka kuona na aingie duarani. Mwanafunzi mgeni anapofika darasani katikati ya mwaka, msimwagize asimame mbele ajieleze huku wenziwe wakimtazama; mtoeni nje pamoja na darasa zima, na kombolela itawafundisha jina lake kabla ya kengele kulia.

Nanyi wanafunzi wa sekondari, msijione mmekuwa wakubwa mno. Ninyi ndio daraja lililosalia kati ya bibi zenu wanaozijua kanuni za michezo na wadogo zenu wasiozijua. Nyimbo za watoto huandikwa vitabuni. Kanuni za kuzichezea aghalabu hufa na wenye nazo. Likizo ijayo, kila mmoja amwendee mzee mmoja, amwulize mchezo mmoja: huchezwa na wangapi, huanzaje, kosa ni lipi, na aliyeshindwa hurudije. Auandike kwa Kiswahili safi. Kisha asiuweke kabatini, bali awaite watoto wa jirani auchezeshe jioni ile ile, maana mchezo ulioandikwa tu ni sawa na chakula kilichochorwa.

Wahenga walisema pia kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la mtoto ni mchezo, naye haingoji siku ya tatu. Nami namalizia kwa beti moja, niliyoitunga kwa ajili ya binti yule ambaye nilimjibu vibaya:

Mgeni mwana akija, kitini msimfunge,
Mpeni kete pamoja, na wenzake ajipange,
Mchezo una faraja, haumtengi mnyonge,
Kucheza ni yake haja, mkubwa asimpinge.