Kosa Lijaribiwe Kabla ya Kusahihishwa

Wanachuo wengi waendao mazoezi ya kufundisha hubeba maandalio mazuri ya somo la umeme, lakini huliogopa jambo moja: jibu lisilotazamiwa. Likitokea, mwalimu husema, "Si hivyo, nani mwingine?" na somo likaendelea kana kwamba jibu hilo halikutamkwa. Kwa maoni yetu, hapo ndipo somo linapopotea. Tutoe mfano.

Magari mengi yana taa ya ndani isiyozimika papo hapo mlango ufungwapo; hungoja kidogo ili abiria aone anapokaa. Ucheleweshaji huo waweza kutengenezwa darasani kwa betri nane za tochi zilizoungwa mfululizo, yaani volti 12, swichi, balbu ndogo ya gari ya wati 5, rilei ndogo ya volti 12, na kapasita ya maikrofaradi 2,200 inayohimili volti 25. Betri ya gari isitumike, kwani nyaya zake zikigusana mkondo wake mkubwa huweza kuunguza.

Mwalimu aanze na betri, swichi na balbu tu. Aeleze kwamba kapasita huhifadhi umeme kidogo, mfano wa mtungi wa maji, kisha aulize: tuiunge wapi ili taa ichelewe kuzimika? Wengi watajibu: sambamba na balbu. Ni kosa, lakini ni kosa la mtu anayefikiri. Basi lijaribiwe. Swichi ikifunguliwa, taa huzimika mara moja, kama awali.

Kwa nini? Balbu hiyo hutumia ampea 0.4 hivi, na mtungi hukauka kabla jicho halijatambua. Sasa rilei ina sababu ya kuletwa. Koili yake, ikiwa na ukinzani wa omu 400, hutumia ampea 0.03 tu. Kapasita iungwe sambamba na koili, na balbu ipate umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia viguso vya rilei. Swichi ikifunguliwa, kapasita huendelea kuilisha koili, sumaku hushikilia viguso, na taa hubaki ikiwaka kwa muda wa kama sekunde moja. Kapasita mbili za namna hiyo zikiwa sambamba, muda huwa karibu maradufu. Zikiwa nne, karibu mara nne. Watoto wahesabu sekunde na kuchora jedwali. Watakuwa wamekutana na uwiano kwa macho yao wenyewe.

Wako watakaosema kwamba vifaa hivi ni adimu. Mafundi redio huwa navyo katika mabaki yao. Rilei kubwa za gari nazo zafaa, ila koili zake zina ukinzani mdogo, hivyo zitahitaji kapasita kubwa zaidi. Wengine watasema kwamba kipindi ni kifupi na mtihani unangoja. Ni kweli kwamba kulijaribu kosa hula dakika tano. Lakini mtoto aliyeambiwa "si hivyo" bila kuonyeshwa sababu, safari nyingine hanyoshi mkono. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule zikuze akili ya kudadisi. Akili hiyo haikui katika darasa ambamo jibu sahihi pekee ndilo lenye haki ya kusikilizwa.

Hatusemi kwamba kila kosa lijaribiwe. Kapasita ya aina hii ina ncha chanya na ncha hasi. Ikigeuzwa huweza kuvimba na kupasuka. Hapo mwalimu azuie mapema na aeleze sababu. Kwa hiyo mwanachuo na aijenge saketi hii kwa mikono yake, pamoja na yale makosa yasiyo na hatari, kabla hajaingia darasani. Atakayekuwa amekwisha kuiona taa ikizimika mbele yake hataliogopa jibu la mtoto.