Utaifa wa Sanaa Hauanzii Ofisini

Wasanii vijana wanapoonyesha kazi zao Dar es Salaam, swali ni lilelile: “Utanzania uko wapi hapa?” Aghalabu muulizaji ana vipimo viwili tu: mchoro wa Tingatinga na kinyago cha Kimakonde.

Tuikumbuke historia. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuja jijini kutafuta kazi, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kawaida za madukani. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Alifariki mwaka 1972. Wachongaji wengi wa Kimakonde nao walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Hakuna aliyewatuma kulichonga wala kulichora taifa. Walitafuta riziki, wakayatazama maisha yao kwa makini. Taifa likaja baadaye kuwadai kuwa ni wake.

“Mwacha mila ni mtumwa,” twawaonya vijana. Ni kweli, lakini kila mila ilikuwa na mwanzilishi wake. Singeli iliyozaliwa uswahilini ni ya kwetu kama ngoma yoyote.

Sisemi kila kipya ni chema. Anayenakili Lagos au Los Angeles bila kuutazama mtaa wake ana deni. Lakini hata anayenakili tembo asiyepata kumwona, ili kumfurahisha mtalii, anadaiwa vilevile.

Ndugu afisa utamaduni, kabla ya kumuuliza kijana Utanzania wake, muulize ana ukumbi? Ana mwalimu? Hayo ndiyo tunayodaiwa sisi.