AMBONI: WAJA LEO WAONDOKA LEO, WENYEJI WANABAKI NA NINI?

Leo naomba tuache kidogo siasa za uchaguzi na bei ya mafuta, tuongelee mawe. Ndiyo, mawe. Na giza lililomo ndani yake.

Kila mtu aliyesoma shule Tanga anayajua mapango ya Amboni, hata kama hajawahi kuingia. Yapo kama kilomita 8 tu kaskazini ya mjini, barabara ya kwenda Mombasa, halafu unakata kuelekea Kiomoni. Mkoloni Mwingereza aliyatangaza kuwa eneo la hifadhi mwaka 1922, enzi hizo ardhi ya pale ikiwa chini ya kampuni ya mkonge. Mwaka 1963 yakaingia mikononi mwa idara ya Mambo ya Kale. Yamekaa huko zaidi ya miaka 50, watalii wanakuja kwa kudonadona, mpaka kuelekea 2020 serikali ilipoamua kuvigawa baadhi ya vituo vya malikale kwa taasisi zenye mshiko. Amboni ikaangukia kwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Uamuzi wenyewe una mantiki yake, tusiwe wabishi wa kubisha tu. Idara ya Mambo ya Kale ilikuwa na vituo vingi na fedha kiduchu. Ngorongoro wana fedha, wana magari, wana watu wa kutangaza utalii. Ila mimi nina hoja ambayo sijaona ikijadiliwa vya kutosha. Mimi si mwanajiolojia, elimu yangu ni ya sekondari tu, lakini jambo hili halihitaji digrii.

Hoja ni hii: PANGO SI MBUGA.

Nyumbu akifa, mwingine anazaliwa. Nyasi zikichomwa moto, mvua ikija zinaota. Pango ukiliharibu, limeharibika. Halizai.

Tuanze na lilivyotengenezwa ndio utanielewa. Mawe ya Amboni ni ya chokaa, yalijijenga chini ya bahari ya kale zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, enzi za madinosaria. Hapa niwakumbushe wadau kitu kimoja, maana kila siku nasoma mitandaoni kwamba "mapango yana miaka milioni 150". Hapana. Ni mawe ndiyo yana umri huo. Matundu yenyewe yalichimbwa baadaye sana, na aliyeyachimba ni maji. Mvua ikinyesha inabeba hewa ya ukaa kutoka angani, ikipita kwenye udongo inaongeza nyingine, inakuwa na ukali kidogo kama soda. Huo ukali unalamba chokaa taratibu, ufa unakuwa tundu, tundu linakuwa ukumbi. Maji yakifika ndani ya pango yanaitema ile hewa, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka inaganda tena tone kwa tone. Ndiyo yale mawe yanayoning'inia darini kama mishumaa, na mengine yanayoota toka chini kwenda kukutana nayo. Urefu wa kidole kimoja unaweza kuchukua mamia ya miaka au zaidi. Kijana akilivunja apeleke nyumbani kuwa pambo la kabati, ni sekunde mbili.

Sasa jiulizeni: muda wote huo, ni nini kimeyalinda mapango haya? Sheria? Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, lakini sheria haikai mlangoni usiku.

Kilichoyalinda ni WOGA.

Watu wameogopa mzimu. Ndani mna sehemu ya kutambikia, na mpaka leo wapo wanaokwenda kuomba mvua, mtoto, riziki, wanaacha ubani na vitambaa. Watu wameogopa giza, na popo. Wameogopa zile hadithi tulizosimuliwa shuleni: eti kuna njia inatokea Mombasa, nyingine Kilimanjaro, eti mzungu na mkewe waliingia na mbwa wao wakapotea, mbwa akaibukia huko Moshi. Na inasimuliwa habari za Osale Otango, mtu aliyekuwa akisakwa na polisi wa mkoloni miaka ya 1950, kwamba alikuwa anajificha humo humo. Wataalamu wa Kijerumani na Kituruki walikuja kupima mwaka 1994, wakakuta mapango 10 tofauti, na refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Hakuna cha Mombasa wala Kilimanjaro. Lakini hadithi ile imefanya kazi ya askari kwa miaka mingi, na bila mshahara.

Kati ya hayo 10, wageni wanazungushwa moja tu. Tisa yaliyobaki yamelindwa na hadithi.

Sasa utalii wa kisasa kazi yake ya kwanza ni kuondoa woga. Unaweka ngazi, unaweka taa, unamwambia mgeni karibu, hakuna shida. Sipingi. Lakini ukiuondoa woga, lazima uweke kitu kingine mahali pake. Usipoweka, umefungua mlango ukaenda kulala.

Wenzetu yamewakuta. Kule Ufaransa kuna pango la Lascaux, lina michoro ya watu wa kale. Lilifunguliwa kwa watalii 1948, watu wakamiminika zaidi ya elfu moja kwa siku. Pumzi zao, joto la miili na taa vikaanza kuotesha ukungu na mwani kwenye kuta. Mwaka 1963 serikali yao ikalifunga, miaka 15 tu baada ya kulifungua. Leo mtalii anaonyeshwa nakala iliyotengenezwa pembeni. Ufaransa hao, wenye maabara na fedha zote. Sisi tukiharibu tutaweka nakala ya nini?

Kwa hiyo ninaposikia mafanikio ya kituo yanapimwa kwa idadi ya wageni, napata kigugumizi. Kwa mbuga, sawa. Kwa pango, swali la kwanza liwe: linabeba watu wangapi kwa saa? Taa zinazimwa kati ya kundi na kundi? Nani anapima joto na unyevu humo ndani? Kama majibu yapo, yabandikwe pale getini tuyasome wote.

La pili ni popo. Watu wanawaona uchafu, lakini popo wala wadudu wanakula wadudu wengi usiku mmoja, na wale wa matunda ndio wanaochavusha mibuyu yetu. Upande wa pili, tusidanganyane. Mwaka 1980 na 1987, kule Kenya, wagonjwa wawili wa Marburg walikuwa wamepita kwenye pango la Kitum, mlima Elgon. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa huo huo baada ya kuingia pango la popo Uganda. Na sisi wenyewe Kagera tumeupata 2023 na tena 2025. SISEMI Amboni kuna Marburg, msije mkanilisha maneno. Nasema mgeni aambiwe asishike popo wala kinyesi chake, anawe mikono akitoka, na anayeongoza wageni kila siku, yeye ndiye anayevuta ile hewa mara nyingi kuliko wote, apewe vifaa. Mtalii anaingia mara moja maishani. Kijana wa Kiomoni anaingia mara tano kwa siku.

La tatu ni usalama. Februari 2015 polisi na wanajeshi walipambana na watu wenye silaha katika eneo la mapango huko huko Amboni. Mwanajeshi mmoja wa JWTZ akapoteza maisha, polisi kadhaa wakajeruhiwa. Jina la Amboni likasambaa dunia nzima kwa ubaya. Mimi somo ninaloliona pale ni kwamba pango lisilo na mwenyewe litapata mwenyewe, na si lazima awe mtu mwema. Mapango tisa yasiyo na wageni si lazima yafunguliwe. Lakini lazima yawe na ramani, yawe na walinzi, na walinzi wazuri kuliko wote ni wenyeji wanaojua kila njia ya mbuzi pale porini.

Hapo sasa ndipo tunafika kwenye kichwa cha habari.

Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Watalii wa Amboni ndivyo walivyo. Wanatoka hotelini mjini, wanakaa pangoni saa moja, wanapiga picha, wanaondoka. Soda wamenunua mjini, chakula wamekula mjini, kiingilio kimeingia kwenye akaunti ya taasisi. Mama wa Kiomoni kaona vumbi la gari.

Na huyu mama ana mtoto, na huyu mtoto anatafuta hela. Tanga hii mawe ya chokaa ni ajira. Kuna wanaochoma chokaa, kuna wanaoponda kokoto, na kule Pongwe kiwanda cha saruji kipo tangu 1980. Mji unakua, bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linaishia hapa hapa kwetu Chongoleani, kila mtu anajenga. Jiwe ni pesa. Sasa mwambie kijana asiye na kazi kwamba jiwe hili usiliguse, ni urithi wa taifa. Atakuuliza: taifa linanipa nini? Hilo ni swali halali kabisa, tusimjibu kwa mgambo.

Tuangalie jirani. Shimoni, pwani ya Kenya, si mbali na mpaka wetu, kuna pango la mawe ya matumbawe linalohusishwa na historia ya utumwa. Linaendeshwa na wenyeji wenyewe kupitia kamati yao, na fedha ya kiingilio inasaidia huduma za pale pale, kama masomo ya watoto na matibabu. Si dili kubwa kama Ngorongoro, lakini muulize mtu wa Shimoni pango ni la nani, atakwambia la kwetu. Muulize mtu wa Kiomoni. Nimewauliza kadhaa. Jibu lilikuwa "la serikali hilo."

Mtu halindi cha serikali. Analinda chake.

Na kuna watu wa matambiko. Hawa ndio walinzi wa kwanza wa pango kabla ya Mwingereza. Wengine mtawaita washirikina, ni juu yenu, mimi na dini yangu siendi kutambika. Lakini ukimfungia mzee geti, au ukamgeuza kivutio cha kupigwa picha, umemfukuza mlinzi aliyekuwa hadai posho. Watengewe siku na saa zao, basi.

Mwisho, tusisahau kwamba bado hatujui chini ya sakafu ya mapango yetu kuna nini. Panga ya Saidi, Kilifi, ni pango la chokaa kama haya. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kaburi la mtoto wa miaka kama mitatu aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, kaburi la kale kuliko yote yanayojulikana Afrika. Alilazwa kwa ubavu kama amelala, kichwa kimewekewa kitu kama mto. Kuumbi, kule Unguja karibu na Jambiani, walikuta mifupa ya pundamilia, kutoka zama ambazo kisiwa kilikuwa kimeungana na bara. Vyote hivyo vilikuwa kwenye vumbi la kawaida ambalo mtu angeweza kulizoa kwa koleo akajengea banda.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni manne, mnisahihishe:

1. Tisa yabaki bila utalii mpaka yapimwe upya, lakini yawe na ramani na walinzi kutoka Kiomoni.

2. Idadi ya wageni kwa saa itajwe hadharani na iheshimiwe, hata siku ya sikukuu.

3. Fungu la kiingilio liende kwa wenyeji, na hesabu yake ibandikwe kwenye ubao wa serikali ya mtaa kila baada ya miezi mitatu. Ubao, si mtandao. Bibi yangu hana intaneti.

4. Mipaka ya eneo iwekewe alama zinazoonekana, ili mponda kokoto na mwenye kiwanda wote wajue mwisho wao ni wapi.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji mfadhili. Yanahitaji mtu wa kuamua tu.

Najua wapo watakaosema kijana anapiga kelele, taa zimewekwa, wageni wanakuja, anataka nini tena. Nataka mjukuu wangu naye aingie akute yale mawe bado yanadondosha tone. Hilo tu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Watu wa Tanga hasa, na mliowahi kuingia, semeni mlichokiona. Kama kuna mdau kutoka Ngorongoro anapita hapa, tunaomba majibu ya yale maswali ya getini. Matusi hapana.

Nawasilisha.