Rangi ya maji si mbovu, tunaiharibu ukutani

Wandugu vijana wa Nyamianda na Uvira yote, ku mitaa yetu mafundi wengi wanasema vilevile: rangi ya maji haina nguvu. Basi wenye makuta wananunua rangi ya mafuta, fundi anaizimua na esansi, anapaka ndani ya chumba kimefungwa. Esansi iko na benzeni, na benzeni inaleta kansa ya damu. Idara ya OMS ya utafiti wa kansa iliweka hata kazi yenyewe ya kupaka rangi kati ya vitu vinavyoleta kansa. Na nani anapaka? Ni sisi, wenye diploma mufukoni na kazi hakuna.

Mimi nilisoma kemia, niseme wazi. Rangi ya maji ni matone madogo sana ya gundi yanayoelea ndani ya maji. Maji yakikauka, matone yanabanana, yanaungana, yanakuwa ngozi moja. Ili yaungane vizuri, kiwandani wanatia solventi kidogo ya kuyalainisha. Wanatia pia dawa ya kuifanya nzito, ya kuzuia povu, ya kuzuia ukungu. Nguvu yake iko hapo. Sasa fundi akimimina bidoni ya maji ili ndoo moja itoshe nyumba mbili, matone yanakuwa mbalimbali, ngozi haifungi, na ukiegemea ukuta shati inakuwa nyeupe. Akizidisha chokaa, unga unashinda gundi. Kisha tunasema rangi ni mbovu!

Ulaya, tangu 2010, rangi ya maji ya ndani isiyong'aa haipiti gramu 30 za solventi kwa lita. Inawezekana, basi.

Ila kuta zilizonyonya maji ya ziwa au ya mafuriko ya Mulongwe ya 2020, hakuna dawa ya ndoo itaziponya. Zikauke kwanza.

Tunadai hivi. Kila ndoo inayopita Kavimvira iandikwe, kwa lugha tunayoelewa, iko na nini ndani na inaongezwa maji kiasi gani. OCC iko na kazi ya kupima bidhaa zinazoingia: ipime risasi ndani ya rangi (ile metali, si ya bunduki) na itangaze matokeo. Inaharibu ubongo wa mtoto, na OMS inasema hakuna kiasi salama; Umoja wa Mataifa unapendekeza isipite sehemu 90 kwa milioni. Na pesa ya serikali ikipaka shule, vijana wa mtaa wawepo wakati ndoo zinafunguliwa.