Samaki wa dhahabu afugwe Lupepo, Masoko asifike

JICHO LA MLIMANI
Na Tumpale Mwakyoma

Mtu wa Lupepo, hapa kwetu Rungwe, akitaka kufuga samaki wa dhahabu nyumbani, mimi namwambia afuge. Tena kwa hali ya hewa anamzidi mbali mtu wa Dar es Salaam. Samaki hawa asili yao ni maji ya baridi ya China, na wale wa maumbo ya pekee hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 18 na 22 hivi. Dar tangi likikaa sebuleni mwezi Februari, maji yanachemka, oksijeni inapungua, samaki wanakuja juu kuhema. Huku kwetu kwenye migomba na chai hita haina kazi. Cha kuangalia ni tangi lisikae dirishani wala mlangoni, mahali ambapo jua linapiga mchana na baridi ya Julai inaingia usiku, kwa sababu ubaridi wenyewe samaki huyu anauvumilia. Kinachomuumiza ni maji kupanda na kushuka joto ghafla.

Nayaandika haya kwa sababu naona vijana wetu wanaorudi likizo kutoka mijini wanakuja na samaki hawa kwenye mifuko ya nailoni, zawadi kwa wadogo zao. Ni zawadi nzuri. Lakini inakuja bila maelezo, na samaki huyu bila maelezo hamalizi mwezi.

Adui wake wa kwanza ni lile bakuli la duara. Linapendeza mezani, nakubali. Ila samaki wa dhahabu anakula sana na kuchafua sana, na uchafu wake mwingi hauonekani kwa macho: ni amonia, inayotoka hasa kwenye mashavu yake kila anapohema. Ndani ya bakuli la lita tano amonia hiyo haina pa kwenda. Inamrudia, inamchoma yale mashavu, mapezi yanajikunja, michirizi myekundu inatokea mkiani, na siku ya pili au ya tatu mtoto anaamka anakuta samaki kalala ubavu juu ya maji. Watu wanasema kafa kwa baridi, au kafa kwa kuwa Lupepo si kwao. Amekufa kwa sumu yake mwenyewe.

Dawa yake ni bakteria, na hapa ndipo subira inapohitajika. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wako wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Wote wanaishi kwenye sponji ya kichujio, kwenye mawe, kwenye kuta za tangi. Hawaji siku moja. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita kabla ya kuwa mahali pa kuishi, na anayenunua tangi na samaki siku moja ndiye anayezika samaki. Kama kuna mtu Tukuyu mwenye tangi la siku nyingi na samaki wake hawana ugonjwa, mwombe kipande cha sponji yake yenye utelezi, uitie kwenye kichujio chako ingali mbichi. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo kati ya wafugaji. Na ukiosha sponji, ioshe kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Ukiisugua bombani kwa maji yenye klorini umewaua wafanyakazi wako wote.

Mengine ni mepesi. Samaki wawili wape tangi la lita mia moja hivi, pana kuliko refu, kwa sababu hewa inaingilia juu. Kila wiki toa robo ya maji, weka mapya. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa yakae kwanza siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi. Ya mserereko yasiyotiwa dawa hayana shida hiyo, ila wakati wa masika, na mvua ya Rungwe tunaijua, inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, yaache yatulie tope lishuke. Umeme ukikatika saa nyingi, bakteria kwenye kichujio wanakosa oksijeni na kufa, kwa hiyo pampu ndogo ya hewa ya betri ni ya lazima. Chakula kiwe kidogo, kinachoisha ndani ya dakika mbili. Samaki huyu hana tumbo la kuhifadhia chakula, ni utumbo mtupu, na wale wa mwili mfupi wakishiba kupita kiasi au wakimeza hewa na vidonge vinavyoelea hupoteza mizani na kuelea kichwa chini. Loweka vidonge kwanza. Siku moja moja mpe njegere iliyochemshwa na kumenywa, anaipenda mno.

Ukishampa maji safi, mtazame kwa karibu. Ranchu, mmoja wa wale wa maumbo ya pekee, hana pezi la mgongoni. Mgongo wake umejipinda kama tao, na anapoogelea mwili mzima unayumba kutoka kichwani hadi mkiani. Anashuka chini, anachota changarawe mdomoni, anazigeuzageuza, kisha anazitema moja moja akitafuta kilichofichwa humo, halafu anasogea hatua moja na kuanza upya. Ndiyo maana changarawe ziwe ndogo kama mchanga au kubwa kuliko mdomo wake. Za katikati humkwama kooni. Oranda ana kofia ya nyama kichwani. Wako wenye macho yaliyotokeza nje kama darubini, wasioona vizuri, ambao usiwachanganye na wepesi kwani watakufa njaa wakati chakula kipo. Maumbo haya yote yametoka kwa samaki mmoja wa kijivu. Wachina wa enzi ya Song, miaka elfu moja hivi iliyopita, waliwatenga wale wachache waliozaliwa wekundu, wakawazalisha wenyewe kwa wenyewe, na waliowafuata wakaendelea kizazi baada ya kizazi, wakichagua mkia huu, jicho lile. Kazi hiyo naiheshimu sana.

Lakini sisi watu wa Rungwe tunayo kazi ya aina hiyo hiyo hapa nyumbani, isiyofanywa na mtu yeyote, na ni wachache wanaoijua. Ukishuka kutoka Tukuyu kuelekea upande wa Ziwa Nyasa kuna Ziwa Masoko. Ni ziwa dogo la kreta, upana wake mita 700 hivi, halina mto unaoingia wala unaotoka. Wengi wanalijua kwa habari za sarafu za Wajerumani zinazosemekana kuwamo. Mali iliyomo kwa hakika ni samaki mdogo wa ukoo mmoja na perege, ambaye wataalamu wanamwita Astatotilapia calliptera. Desemba 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Milan Malinsky na wenzake, akiwemo Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, kuhusu samaki huyo. Walikuta kwamba ndani ya ziwa hilo hilo moja samaki huyu amegawanyika makundi mawili. Madume ya kando ya ziwa ni ya manjano. Ya kina kirefu, kwenye mwanga hafifu, ni ya buluu iliyokoza. Chakula mbalimbali, taya mbalimbali, na jike naye ana upendeleo wake wa dume. Walisoma vinasaba vya samaki 146 wakapata maeneo 98 yanayotofautiana waziwazi kati ya makundi hayo, baadhi yakihusu kuona gizani. Yaani hapo Masoko aina moja ya samaki imo njiani kuwa mbili, na sisi ni majirani zake.

Sasa chukua kijana aliyechoka na tangi. Anarudi chuoni, mama hana muda wa kubadilisha maji, anamwonea huruma samaki, anamchukua kwenye ndoo hadi ziwani akidhani anamwachia uhuru. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Mwaka 2021 mji wa Burnsville, Minnesota, Marekani, ulilazimika kuwaomba wakazi wake waache kutupa samaki wa dhahabu ziwani, baada ya kuvuliwa wakubwa kupindukia katika Ziwa Keller. Samaki huyu nje ya kioo hukua, huzaliana, na vizazi vyake hurudia rangi ya kijivu ya mababu. Na ile tabia ya kuchota na kutema sakafuni, inayotufurahisha sebuleni, ziwani hutibua matope.

Maji kutibuka ni jambo zito kwa samaki wanaochaguana kwa rangi. Tumeshaliona Tanzania hii hii. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha, kwa kazi yao juu ya furu wa Ziwa Victoria, kwamba maji yakipoteza uangavu majike hushindwa kutofautisha rangi za madume, na aina zilizokuwa mbali huanza kuchanganyika. Fikiria hilo likitokea kwenye ziwa la mita 700. Kazi ya mamia ya miaka ingefutwa na ndoo moja ya huruma. Tena samaki wa kununua huja na chawa wa samaki, minyoo na maradhi, na hayo yanasafiri hata kwenye maji ya tangi yanayomwagwa mtoni. Mto Kiwira unashuka hadi Nyasa, ziwa lenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine kokote duniani.

Kwa hiyo nawaomba madiwani wetu na afisa uvuvi wa halmashauri waweke bango pale Masoko, kwa Kiswahili na Kinyakyusa, la kukataza kumwaga samaki wala maji ya tangi ziwani. TAFIRI wana kituo Kyela, si mbali. Waalikwe shule za sekondari za Lupepo na Masoko wawaonyeshe wanafunzi yale makundi mawili, la manjano na la buluu. Na wewe mwenye tangi, ukilichoka, mpe mwenzako samaki wako, tangi na sponji yake pamoja. Asiyepatikana mchukuaji arudishwe kwa aliyemuuza. Akifa, mzike shambani. Maji ya kila wiki mwagia migomba, mbali na mfereji. Nitrati iliyomo ni mbolea.