Mumunye huharibikia ukubwani

Methali hii tumezoea kuitumia kwa watoto. Kijana aliyekuwa na adabu akibadilika akiwa mkubwa, wazee hutikisa kichwa na kusema, "Mumunye huharibikia ukubwani." Mwezi huu tunairudisha methali bustanini ilikotoka, kwa sababu mamumunye yenyewe, hasa yale yanayoitwa zukini sokoni, yanaharibika nyuma ya nyumba zetu kila msimu huku watoto wakila ugali na mchuzi mtupu.

Kosa letu ni kupenda ukubwa. Tunda likifikia urefu wa kiganja tunasema, "Liache likue, litatosha nyumba nzima." Wiki moja baadaye ganda limekuwa gumu, mbegu zimekomaa na ladha imekwisha. Watoto wanalisukuma pembeni ya sahani, nasi tunasema hawapendi mboga. Tena, mmea unaolea tunda lililokomaa hupunguza kuzaa mengine. Anayesubiri moja kubwa hupoteza mengi madogo.

Sisi tunashauri hivi: vuna mapema, vuna mara kwa mara. Zukini huanza kuvunwa kati ya siku 45 na 60 tangu kupanda mbegu. Likifika sentimita 15 hadi 20, likate kwa kisu pamoja na kikonyo kifupi. Pita bustanini kila baada ya siku moja au mbili, maana hukua upesi sana.

Kulipanda si kazi kubwa. Chimba shimo, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, weka mbegu mbili au tatu, kisha bakiza mche mmoja wenye nguvu. Acha nafasi ya karibu mita moja kati ya mche na mche. Mwagilia kwenye shina, si juu ya majani, ili kupunguza magonjwa ya ukungu.

Akina mama wengine hukata tamaa wakiona maua yanaanguka. Msihofu. Ua dume lina kikonyo chembamba na kazi yake ikiisha huanguka. Ua jike lina kitunda kidogo chini yake. Nyuki ndio wanaobeba chavua asubuhi, kwa hiyo tusipulize dawa za wadudu maua yakiwa wazi. Nyuki wakikosekana, chuma ua dume, ondoa petali zake, gusisha chavua katikati ya ua jike.

Tusidanganyane, lakini. Zukini si dawa, na sehemu yake kubwa ni maji. Peke yake halimjengi mtoto. Faida yake ni kwamba ni laini, hupikwa haraka, na huchanganyika vizuri na maharage, karanga au dagaa, vyakula vinavyojenga mwili. Pembeni yake panda boga la kawaida: majani yake na nyama yake ya rangi ya machungwa husaidia mwili kupata vitamini A, inayolinda macho. Pika kwa mafuta kidogo ili mwili uipokee vizuri.

Tahadhari moja: mumunye likiwa chungu, litupe. Onja kipande kidogo kabla ya kupika na ukiteme ukiona uchungu. Uchungu huo ni sumu inayoleta kutapika na kuharisha, na moto hauiondoi.

Mwisho, tuseme lililo gumu. Wako wanaouza mavuno yote, kisha wanarudi nyumbani na soda na biskuti. Hatukatazi biashara, ada na sabuni zinahitaji fedha. Lakini sufuria ya nyumbani ihudumiwe kwanza, soko lifuate. Mumunye dogo lililoliwa leo na mtoto lina thamani kuliko kubwa linalosifiwa na jirani.